Bia ya Sikukuu Huandikishwa Kundi Gani Mashindanoni?
Watengenezaji wengi wa bia ya nyumbani huamini kwamba bia iliyopikwa kwa ajili ya Krismasi ni lazima ishindanishwe katika kundi la bia za msimu wa baridi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa jina la kundi lenyewe linaelekeza huko. Hata hivyo, katika miongozo ya mitindo, yaani aina za bia, inayotumika sana mashindanoni, kundi hilo limewekwa chini ya bia za viungo, na jaji hutarajia harufu ya mdalasini, tangawizi au kungumanga katika bia ambayo kwa kawaida ni nyeusi na kali, yaani yenye kilevi kingi. Bia kali isiyo na viungo hushindana vizuri zaidi katika mtindo wake wa asili.

Jaji haoni jinsi bia ilivyopikwa. Huhukumu kilichomo kikombeni. Kijiti kimoja cha mdalasini katika lita 20 kinaweza kupotea kabisa, ilhali baadhi ya hamira, hasa za bia ya ngano ya Kijerumani, hutoa harufu ya karafuu ingawa hakuna karafuu iliyotiwa.

Njia ya kuhakikisha, ambayo naiamini kuliko zote, ni kumpa mtu glasi bila kumdokezea lolote, baada ya kuiacha bia ipungue ubaridi, kwa maana ubaridi mwingi huficha harufu. Akitaja viungo mwenyewe, kundi la msimu linafaa, na viungo hivyo vitajwe kwenye fomu. Akizungumzia kimea, karameli na zabibu kavu tu, linganisha maneno yake na maelezo ya mitindo ya eli kali (eli ni aina ya bia, kwa Kiingereza ale).