Kompyuta ya Mezani Imegoma Kuwaka? Anzia Ukutani

Baridi ya Juni ikishakaza hapa Mbeya, simu katika karakana yetu ya TEHAMA huanza kulia kabla ya saa mbili asubuhi, na nyingi zina maneno yaleyale: "Fundi, kompyuta imekufa." Mama mmoja mwenye steshenari kule Mwanjelwa alipopiga, nilimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile?" Akacheka, akasema yeye kaamka salama, iliyolala ni kompyuta. Kijana wa jirani alikuwa ameshaikagua na kumwambia madabodi, ile bodi kubwa inayounganisha sehemu zote za kompyuta, imeungua, atafute hela ya nyingine. Tulipofika tulikuta plagi ya ekstensheni imechomoka nusu nyuma ya gunia la mahindi.

"Madabodi imeungua" ni kauli nyepesi mdomoni mwa fundi na nzito mfukoni mwa mwenye mashine. Ndiyo maana naandika haya kwa mtu asiye fundi. Njia tunayoipita sisi karakanani ni kuufuata umeme safari yake yote: unatoka ukutani, unapita kwenye waya, unaingia pawa saplai (kisanduku cha chuma ndani ya kasha kinachougeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumiwa na kompyuta), unafika kwenye madabodi, na hapo unasubiri kidole chako kibonyeze kitufe. Kila kituo unauliza swali moja, umeme umefika hapa au haujafika, na huruki kituo hata ukiwa na haraka ya mteja anayesubiri fotokopi.

Ila kabla ya safari, tuelewane maana ya "haiwaki". Kama feni inazunguka na taa ya kasha inawaka lakini kioo ni cheusi, kompyuta yako imewaka. Tatizo liko kwenye monita, waya wa picha, au ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. (Wengi huliita kasha zima "sipiyu". Sipiyu yenyewe, ubongo wa kompyuta, ni kidude kidogo kilichofichwa ndani chini ya feni, lakini nimeacha kubishana juu ya hilo.) HP Compaq nyingi za ofisini, zile tunazoletewa za mtumba, zikipepesa taa nyekundu mara 5 na kulia milio 5, zinalalamikia ramu. Mashine hizo hazihitaji pawa saplai mpya. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ramu, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ibane pande zote mbili. Makala haya yanahusu mashine iliyonyamaza kabisa, au inayoshtuka mara moja na kuzima.

Haya, ukutani. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile, tena kwenye tundu lilelile la ekstensheni. Simu ikichaji, soketi ni nzima. Kisha angalia waya wa pawa. Mara nyingi monita inatumia waya wa aina moja na ule wa kasha, kwa hiyo kama taa ya monita inawaka, chomoa waya wake uuchomeke kwenye kasha. Jaribio hilo ni la nusu dakika na halina gharama, lakini limewahi kuokoa kompyuta zilizokuwa zimeshapakiwa kwenye bajaji kwenda kuuzwa skrepa. Waya ukiwa ndio mbovu na una plagi ya pembe tatu za bapa, fungua plagi uone fyuzi. Badilisha kwa yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake. Kuifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya sigara ni kuiondolea nyumba mlinzi wake. Siku ya hitilafu, waya utaungua badala ya fyuzi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya nje havilitaji. Kompyuta nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya duara, na watu huilazimisha kwenye soketi zetu kwa kusukuma tundu la juu na kalamu ya wino. Inaingia, lakini inalegea. Inagusa leo, kesho haigusi, na ndani inapiga cheche mpaka soketi inakuwa nyeusi. Mbaya zaidi, njia ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, inakuwa imeachwa. Ukigusa kasha la chuma ukasikia linawasha vidole kama upupu, hiyo ndiyo dalili yake. Tafuta waya wenye plagi ya pembe tatu, na kama bado linawasha, mwite fundi umeme akague ethi ya jengo lenyewe.

Mashine za kutoka Marekani zina mtego mwingine. Nyuma ya pawa saplai za zamani kuna kiswichi kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Kwao umeme wa nyumbani ni karibu volti 120; kwetu ni 230. Ukiuchomeka umeme wetu kiswichi kikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko na kuona moshi, na pawa saplai imekwenda. Mpya zaidi hazina kiswichi hicho. Kibandiko chake huandikwa 100 mpaka 240, maana yake inajirekebisha yenyewe. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka mashine yoyote mpya mkononi mwako, hata kama muuzaji ameapa kwamba ameshaijaribu. Na hapohapo nyuma mara nyingi kuna swichi ya kuwasha na kuzima yenye alama ya mstari na duara. Mfagiaji huigusa, mtoto huichezea. Mstari ndio kuwaka.

Umeme ukiwa umefika mpaka hapo na bado kimya, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia kwa sekunde 30, kisha chomeka tena ujaribu. Unakuwa umemaliza umeme uliobaki ndani, na pawa saplai iliyojifunga kujilinda baada ya mshtuko wa umeme mara nyingi hujifungua. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, hili pekee hutosha mara nyingi kuliko mafundi wengine wanavyopenda kukiri.

Sasa turudi kwenye baridi ya Juni. Kuna kompyuta hukataa kuwaka saa mbili asubuhi, halafu saa tano, jua likishapanda juu ya mlima Loleza, zinawaka kama hakuna lililotokea. Wenyewe husema "inasubiri jua", wengine wananong'ona mambo ya kishirikina. Wanaosema inasubiri jua wana haki kuliko wanavyojua. Ndani ya pawa saplai na kwenye madabodi kuna kapasita, vikopo vidogo vyenye kemikali ya majimaji, na kazi yake ni kuulainisha umeme usiende kwa kuruka. Kadiri miaka inavyopita, joto la kazi huyakausha majimaji hayo. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10, kama ilivyo kawaida kwa asubuhi zetu za Juni na Julai, kiasi kilichobaki hakifanyi kazi vizuri, ukinzani ndani ya kapasita unapanda, na umeme unatoka ukitetemeka. Pawa saplai nzima hutuma ishara ya "umeme uko tayari" kwa madabodi ndani ya milisekunde 100 hadi 500. Yenye kapasita zilizochoka haifikii utulivu huo, ishara haiendi, na madabodi inakaa kimya kwa utii. Ukiiacha imechomekwa, umeme kidogo wa akiba ambao hupita hata kompyuta ikiwa imezimwa unaipasha taratibu, na baadaye inakubali.

Usiridhike na kukubali huko. Kompyuta inayosubiri jua leo, mwezi ujao itasubiri adhuhuri, kisha haitaamka tena. Siku inayowaka, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje siku hiyohiyo, halafu ndipo upange kubadilisha pawa saplai. Na ukifungua kasha ukaona kapasita za madabodi zimevimba vichwa au zimetoa ute wa kahawia, hapo kweli madabodi inahusika.

Kufungua kasha ni ruhusa kwa yeyote, mradi waya wa umeme umechomolewa. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna kapasita kubwa ambazo kwa umeme wetu hujaa mpaka karibu volti 325, na zinaweza kubaki zimejaa hata baada ya kuchomoa. Kwenye kasha, angalia taa ndogo juu ya madabodi, kama ipo: ukichomeka waya ikawaka, umeme wa akiba umefika. Chomoa tena, hakikisha plagi kubwa ya madabodi na ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na sipiyu zimebana. Wakati wa mavuno, panya hufuata mahindi yaliyowekwa ofisini, na tundu lililokosa kifuniko nyuma ya kasha kwao ni mlango. Nimetoa humo kiota kamili, na waya uliotafunwa ukiwa umelala kama mrenda.

Taa ya madabodi ikiwaka lakini kitufe hakiitikii, mshukie kitufe. Nacho ni swichi tu. Inaunganisha pini mbili kwa nukta moja ya wakati. Ukiziona pini zake zenye maandishi ya pawa, toa kiwaya cha kitufe, chomeka umeme, uziguse zote mbili kwa pamoja na ncha ya bisibisi. Ikiwaka, umetumia dakika tano kugundua kwamba mashine ni nzima na kitufe ndicho kibovu.

Kama feni inashtuka nusu mzunguko na kusimama, pawa saplai imeona shoti, yaani umeme unaopita njia ya mkato, mahali fulani ikajizima. Bila umeme, toa vitu kimoja kimoja: diski, kadi za ziada, vya yuesibi, mpaka ubaki na madabodi, sipiyu na ramu moja, ukijaribu kila hatua. Kilichotolewa mwisho kabla haijawaka ndicho mshukiwa. Ikikataa hata hapo, azima pawa saplai nzima kwa jirani kabla ya kununua. Dell OptiPlex nyingi zimerahisisha: nyuma ya pawa saplai kuna kitufe kidogo, na kikibonyezwa taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai ina uhai. Angalia tu plagi zake, kwa sababu Dell na HP nyingi za ofisini haziingiliani na pawa saplai za kawaida za dukani.

Kuhusu radi, maneno machache. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, ngurumo ikisikika, kuzima hakutoshi. Chomoa plagi ukutani, na waya wa mtandao pia, kwani nyingi tunazoletewa kutoka Tukuyu na kwingineko Rungwe zimeunguzwa kupitia huo. Stabilaiza haizuii radi. Na ukiona balbu zimeng'aa kupita kawaida, usingoje: kata swichi kuu, kisha wapigie TANESCO.

Ukimpelekea fundi mashine baada ya yote haya, mweleze umeme uliishia kituo gani na ulijaribu nini. Akikwambia madabodi, mwombe akuonyeshe pawa saplai nyingine ikijaribiwa mbele yako. Na ikithibitika madabodi imekufa kweli, diski yenye kazi zako kwa kawaida bado ni nzima. Iombe mkononi kabla hujaiacha kompyuta pale.