Kucha imekuwa nene na njano? Acha kwanza hiyo tyubu

Jamani hili la kucha za miguu naulizwa kila siku hapa kliniki Moshi, na wengi wanakuja wameshamaliza tyubu mbili tatu za klotrimazo, ile krimu ya fangasi, kucha iko vilevile, njano, nene, inameguka kama ukoko wa wali. Krimu haina kosa, ila kucha ni ngumu na fangasi wamekaa chini yake, dawa inabaki juu haiwafikii.

Afu siyo kila kucha mbaya ni fangasi! Wapagazi wakishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, vidole vinagonga mbele ya buti mteremko wote, kucha inakuwa nyeusi, mara nyingi hiyo ni damu imevilia tu. Soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, nayo inaharibu kucha, utadhani ni fangasi. Kwa hiyo mi sianzishi vidonge bila kipimo. Tunakata kucha, tunakwangua ule unga wa chini yake, na hapa pana ufundi, ukichukua wa kwenye ncha unapata uchafu na fangasi waliokufa, inabidi uingie ndani mpaka karibu na pale kucha bado imeshikana na nyama. Unadondoshea kemikali ya potasiamu haidroksaidi unga unalainika, ukichungulia kwenye hadubini unaona vinyuzinyuzi vya fangasi. Visipoonekana na bado nina wasiwasi, narudia, maana kipimo chenyewe kinaweza kuwakosa.

Wakionekana, mara nyingi natoa vidonge vya fangasi vya terbinafini, miligramu 250 kila siku, wiki 6 kwa mikono, 12 kwa miguu. Mwenye shida ya ini aseme mapema.

Sasa dozi ikiisha ndo watu wananinunia, eti mbona kucha bado mbaya! Ile iliyoharibika haiponi, inasukumwa na mpya, na ya mguuni inaota milimita moja hivi kwa mwezi, dole gumba linaweza kula mwaka hadi mwaka na nusu. We angalia kule kwenye shina, kukianza kutoka safi dawa imefanya kazi. Rangi ya saluni inaficha tu.

Viatu vya mtumba vya soko la Memorial hapa Moshi mi mwenyewe navaa, ila vianike vikauke vizuri, na soksi mbichi usirudie. Ukiwa na fangasi katikati ya vidole watibu, maana huko ndo wanakotokea kuingia kwenye kucha, na hapo ile krimu yako inafaa kabisa. Wenye kisukari msijichokonoe na wembe nyumbani, njooni tuwakatie.