Kayaki na kafi lake la bapa mbili

Kayaki ni chombo chembamba, cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa huku na huku. Asili yake ni kwa watu wa nchi za barafu, kama Wainuiti wa Greenland na Kanada, waliowamba ngozi za sili juu ya fremu ya mbao au mifupa wakaenda kuwindia. Zinazoonekana Unguja siku hizi ni za plastiki, nyingi za kukalia juu, zenye matundu ya kutolea maji. Siku ya kwanza mdogo wangu aliyaziba kwa kitambaa, akidhani chombo kinavuja.

Kafi si kasia. Kasia hufungwa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba ubavuni mwa chombo, na mpigaji huipa omo, yaani mbele ya chombo, mgongo. Mwenye kafi hulishika mikononi tu, akitazama aendako. Kwa hiyo aliyekulia kwenye mtumbwi ana pa kuanzia, lakini ana ya kusahau pia: kayaki haiendeshwi kutoka tezini, yaani nyuma, wala haina matengo, yale magogo ya pembeni ya kuzuia kupinduka, kama ngalawa. Mizani yake ni nyonga zako. Chombo kikiyumba, kiache kiyumbe chini yako, kifua kibaki wima.

Kosa la kila anayeanza ni kuvuta kwa mikono. Mimi nilifanya hivyo Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, mzee mmoja akanitazama kutoka pwani akauliza, "Mbona wapepeta?" Na kweli nilikuwa napepeta, viwiko vinapanda na kushuka, chombo hakisogei.

Nguvu inatoka kiunoni. Kaa wima, nyayo zikanyage pa kuegemeza, magoti yakunjwe kidogo. Liweke kafi juu ya kichwa. Viwiko vikiwa pembe mraba, hapo ndipo pa kushika. Usikaze, malengelenge yatakwambia kama ulikaza. Sasa zungusha kifua mpaka bega la kulia lielekee omo, chovya bapa lote karibu na vidole vya mguu, kisha kirudishe kifua. Huko kurudi ndiko kunakosukuma chombo. Bapa likifika usawa wa nyonga, litoe. Ukilichelewesha unachota maji tu na omo inakwenda kombo. Ukisikia "chubwi" kila pigo, unayapiga maji badala ya kulichovya kafi.

Kugeuka ni rahisi zaidi: piga duara pana kuanzia omo hadi tezi. Duara la kulia hupeleka omo kushoto. Kusimama, piga kinyumenyume kidogo kidogo, kulia na kushoto. Ukihisi unapinduka, laza bapa juu ya maji upande unaoangukia, uliegemee kwa nukta moja, ujiinue kwa nyonga.

Ila pigo zuri halishindani na maji. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa kwetu hukaribia mita 4, na ghuba ya Chwaka hugeuka uwanja wa mchanga na matope. Anayetaka kuingia mikokoni aingie na maji yanayojaa, atoke yanapoanza kupwa. Akichelewa, atalibeba lile plastiki begani. Paje na Jambiani, maji yakipungua, kafi hunasa kwenye kamba za mwani. Lile ni shamba la mtu, lizunguke.

Upepo nao una hila. Kusi, upepo wa kusini-mashariki, likivuma, pwani ya magharibi hutulia kama bwawa, kwa kuwa upepo unatoka nchi kavu. Mgeni huona ndiyo siku yake, akasukumwa taratibu kuelekea mkondo bila kupiga kafi hata mara kumi. Kurudi ndipo anapojua. Ukiweza kuchagua, anza kwa kwenda upepo ukiwa usoni, urudi nao mgongoni. Usipoweza, shikamana na ufukwe.

Ukipinduka, shika chombo kwanza, kafi baadaye. Kigeuze, kaa ubavuni mwake, piga miguu mpaka mwili uelee, ujivute kifudifudi hadi kitovu kiwe katikati ya chombo, kisha geuka ukae. Lifanyie mazoezi hilo kwenye maji ya kifua, na jaketi okozi mwilini na mwenzako pembeni. Mara ya kwanza utapitiliza uangukie upande wa pili.