Documents tupu baada ya sasisho: kabla hujagusa chochote

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: “Fundi, nimewasha kompyuta asubuhi hii, Documents haina kitu. Jana usiku ilijisasisha.” Nami huuliza kwanza: umefanya nini tangu hapo? Jibu mara nyingi huniuma, maana mtu ameshapakua programu ya kuokoa faili na kuisakinisha kwenye diski ileile.

Fikiria masijala ya ofisi. Kuna daftari linaloonyesha kila jalada liko kabati gani, na kuna majalada yenyewe. Faili ikifutwa, kinachokatwa kwa kawaida ni mstari wa daftarini tu. Jalada linabaki kabatini, ila nafasi yake sasa inahesabiwa kuwa wazi. Chochote kipya kinachohifadhiwa, hata vile vipande vya kurasa ambavyo kivinjari hujiwekea chenyewe, kinaweza kukalia nafasi hiyo. Kikishaikalia, hata mimi sina la kufanya. Kwenye SSD, yaani diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, hali ni ngumu zaidi: mfumo hutuma amri iitwayo TRIM kuiarifu diski kwamba sehemu hizo hazihitajiki tena, na diski huzisafisha yenyewe.

Je, sasisho linaweza kweli kufuta kazi za mtu? Linaweza. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa Windows 10 toleo la 1809, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta faili. Walioumia ni pamoja na waliohamishia folda kama Documents kwingine, tuseme diski D, huku baadhi ya faili zikibaki kule kwa zamani. Toleo lililotangulia lilikuwa limewaachia watu wa namna hiyo folda pacha zisizo na kitu, nao wakalalamika. Wahandisi wakaandika msimbo wa kuziondoa, na msimbo huo ukaondoa folda za zamani pamoja na vilivyomo. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya waliolijaribu toleo hilo mapema walisharipoti tatizo, sauti zao zikazama katikati ya ripoti nyingine. Baada ya hapo ndipo Microsoft ikaweka sehemu ya kueleza uzito wa madhara mtu anaporipoti. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba.

Februari 2020 dalili zilikuwa zilezile, ugonjwa mwingine. Baada ya sasisho la Windows 10 liitwalo KB4532693 watu waliona kompyuta kama mpya, faili hazipo. Kumbe walikuwa wameingizwa kwenye akaunti ya muda. Folda zao halisi zilikuwa palepale ndani ya C:\Users, majina yameongezwa .000 au .bak mwishoni. Aliyekurupuka kusakinisha Windows upya kwa kufuta diski nzima ndiye aliyejipotezea mwenyewe.

Kwa hiyo tazama kwanza, bila kuhifadhi wala kusakinisha kitu. Fungua C:\Users uone kama kuna folda ya jina lako yenye mkia usioufahamu. Tafuta faili moja unayoikumbuka kwa jina. Ukiikuta, nakili kila kitu kwenye diski ya nje ndipo urekebishe akaunti. Usipoikuta, zima kompyuta. Diski itolewe, ifungwe kwenye kompyuta nyingine kwa kusomwa tu, inakiliwe nzima, na uokoaji ufanyike kwenye nakala hiyo. Fundi akitaka kuanza kazi moja kwa moja kwenye diski yako, mkatalie.

Na kama ulikuwa unatumia OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, chukua simu au kompyuta nyingine, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, ufungue kapu la vilivyofutwa. Kwa akaunti binafsi, faili hukaa humo siku 30, basi hesabu kuanzia siku ya sasisho.