Akishatulia, mrudishieni cherehani chake

Kila mwaka ikifika tarehe 30 Machi, Siku ya Bipola Duniani, ule ugonjwa wa akili wenye vipindi vya kupanda, mtu anachangamka kupita kiasi, na vya kushuka, anazama kwenye huzuni nzito, kitengo chetu cha afya ya akili hapa hospitali ya rufaa ya mkoa huwa tunatoka kwenda stendi na masokoni kufundisha dalili na dawa, na tutaendelea kufanya hivo. Ila safari hii nimeona niandike kitu kingine, sababu watu wanaokuja kulalamika kwenye dawati la ustawi wa jamii ninapokaa mimi wameongezeka, na wengi wao wametulia kabisa. Dawa wanakunywa, kliniki hawakosi, usiku wanalala, alafu wakirudi nyumbani simu imechukuliwa, kadi ya benki anayo kaka mtu, ofisini meza kapewa mwingine, watoto wameambiwa msimsogelee baba. Mtu anakaa kwenye kochi la nyumba aliyoijenga mwenyewe kama mgeni anayesubiri gari.

Nitoe mfano wa mteja wetu mmoja, kaniruhusu nieleze na nimebadilisha vitu vichache asijulikane. Ni fundi cherehani. Alipanda kipindi cha kuelekea shule kufunguliwa, siku ya nne siku ya tano hajalala, anashona saa nane usiku huku anaimba, akapokea advansi za sare za shule za watoto kibao, akachukua majora ya vitambaa kwa mali kauli, akakopa kwenye simu ile mikopo ya kausha damu mitatu kwa mpigo, na cherehani kimoja akakigawa bure kwa kijana aliyekuwa anapita njia. Shule zinafunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni, sare hamna, yeye yuko wodini. Akakaa wodini wiki kadhaa akatoka, katulia ila kashuka, na mama yake kwa nia njema kabisa akachukua kile cherehani kilichobaki akakifungia chumbani kwake, akakifunika na kanga, akasema hiki ndo kimemharibu mwanangu.

Miezi saba fundi amekaa tu. Kila akija kliniki namuuliza unaendeleaje, ananijibu nashukuru Mungu, huku kidole gumba na cha shahada vinasuguana taratibu, vile fundi anavosokota ncha ya uzi ili apitishe kwenye sindano. Sidhani hata alikuwa anajua kama anafanya hivo. Kwenye faili lake imeandikwa hali nzuri, na mimi mwenyewe niliandika hivo mara mbili kabla sijaziangalia vizuri zile mikono.

Nikamwita mama yake. Akaniuliza, mwanangu, na akipanda tena je? Nikamwambia mama, anaweza kupanda tena, sitakudanganya, ila akikaa bila kazi haimaanishi ndo hatapanda, inamaanisha akipanda hatakuwa na kitu cha kurudia. Tukakubaliana masharti, sisi watatu: cherehani kinarudi sebuleni, anashona kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, taa ikiwashwa kazi inafungwa, na hela ya advansi haipokelewi mpaka kazi ya kwanza itoke. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubadilisha zipu ya begi la mtoto wa jirani, shilingi 1,500. Kliniki iliyofuata akanionyesha ile hela, noti ya elfu moja na sarafu ya mia tano, hajaitumia, kaiweka kwenye kadi ya kliniki.

Sasa familia nyingi zikija hapa swali ni moja, amepona au hajapona? Jamani. Tumeshaeleza hili redioni, tumeeleza kanisani na msikitini, bado mnauliza. Bipola inadhibitiwa kwa miaka, na mtu anaishi, anafanya kazi, analea. Badala ya kuuliza amepona, muulize amelala saa ngapi. Usingizi ukipungua usiku wa pili mfululizo na mwenyewe anasema hajachoka, mleteni, msisubiri tarehe ya kadi. Yule fundi ana kaunta buku ya kwaya mbili, nyuma anaandika kila asubuhi kalala saa ngapi, na dada yake ana ruhusa ya kuisoma upande huo tu. Mbele ni mambo yake mwenyewe, nitafika huko.

Na sio kubadilika mudi kama mnavosema mitandaoni, asubuhi kanuna jioni kacheka mnamwita bipola. Kupanda kwenyewe kunakwenda wiki nzima na zaidi, kushuka wiki mbili na zaidi, na katikati hapo mtu anakuwa yeye kabisa, na hicho kipindi cha katikati ndo mnachokipoteza kwa kumwogopa. Wala sio mkosi wa ukoo wenu peke yenu, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 40 wenye bipola mwaka 2019. Kuombewa hatukatazi. Anayekwambia utupe dawa ndo uombewe, huyo usirudi kwake, na kumfunga mtu kamba kwa jina lolote lile hatukubaliani nako.

Nije kwenye madeni, maana hapa watu wanateseka na taratibu zipo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 12, inazungumzia watu wa namna hii hii. Inasema mtu ambaye kawaida akili yake iko sawa lakini kuna vipindi haiko sawa, hawezi kuingia mkataba kipindi hicho ambacho haiko sawa. Na inasema pia kinyume chake, kwamba hata yule ambaye kawaida akili haiko sawa, kipindi ikiwa sawa anaweza kuingia mkataba. Someni tena hapo wale mnaosema mwenye bipola asisaini kitu, asiuze wala asinunue. Akiwa katulia saini yake ni saini.

Kwa hiyo mkopo au mauziano yaliyofanyika mtu kapanda yanaweza kupingwa, ila sio kwa maneno. Tarehe ndo kila kitu. Unahitaji karatasi ya kutolewa wodini inayoonyesha ulilazwa lini, unahitaji ushahidi wa lini dalili zilianza, na unahitaji mkataba au meseji za mkopo zenye tarehe. Barua ya hospitali inaombwa kwa maandishi na mgonjwa mwenyewe, au na mtu aliyepewa ridhaa kwa maandishi na mgonjwa, barua ipite kwa mganga mfawidhi, na iseme inakwenda wapi na kwa ajili gani. Tafadhali msije siku ya kesi asubuhi. Na kaka, dada, mkwe, bosi, mkopeshaji, hatuwapi faili, hata mkipiga meza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti na sisi tunaofanya kazi hapa tunawajibika tukizitoa. Kwa mikopo ya kwenye simu, Benki Kuu ilishatoa orodha mwaka 2024 ya aplikesheni zisizo na leseni, angalia kwanza kama anayekutisha yumo. Mimi sio wakili, suala lako peleka kwa wasaidizi wa kisheria, wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na asiye na uwezo anahudumiwa bure, afisa ustawi au maendeleo ya jamii wa halmashauri atakuelekeza walipo.

Ila sio kila deni ni la kupinga. Zile advansi za sare, fundi alizipokea mkononi kwa mama wa watu anayeuza mboga. Nilimwambia kisheria unaweza ukajitetea, akaniangalia akasema, dada, yule mama mtoto wake alienda shule na kaptula ya nguo za nyumbani. Ndo mbele ya kaunta buku akaandika majina yote, kiasi, na namna ya kulipa, wengine hela kidogo kidogo, wengine kawashonea sare ya mwaka uliofuata bure. Akienda kwa mtu alikuwa anasema sentensi tulizofanyia mazoezi hapa ofisini: nilikuwa naumwa, sasa natibiwa, hela yako ilipotelea kwangu na nakuja kuirudisha. Basi. Hasimulii ugonjwa wote, hapigi magoti, na hakatai kwamba lilitokea. Wengine walimkaribisha chai. Mmoja alimtukana mbele ya watu, akarudi amejaa machozi, na kesho yake akaenda nyumba inayofuata kwenye orodha.

Nawaambia wenzangu mnaoishi na hali hii, aibu ya mliyofanya mkiwa mmepanda ndo inayokaa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe, na haiondoki kwa kuambiwa usijali. Mimi niliyoyaona hapa, inapungua pale mtu anapokuwa na kitu kimoja anachokifanya watu wakakitegemea, hata kama ni kidogo, hata kama ni kupeleka mtoto shule kila siku saa moja. Kipimo cha kwanza kisiwe mshahara wa zamani. Tafadhali sana.

Walioajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari, yani ED. Usipoileta mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo, na barua ya mchungaji au mganga haiwi ED. Mtu anapotea wiki tatu, hajatuma ED, alafu anakuja hapa analia kafukuzwa kwa utoro, na familia ilikuwepo muda wote, kwa nini hamkuipeleka? Ndugu yenu akilazwa, siku hiyo hiyo ombeni ED, pigeni picha, tumeni HR, na nakala halisi ipelekwe igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) inataka malalamiko ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, fomu CMA F1, nakala unampa mwajiri na unabaki na uthibitisho kwamba kapokea. Ukichelewa unaomba kwanza kuongezewa muda, fomu CMA F2, na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, kulazwa wodini ni sababu lakini uwe na karatasi. Watumishi wa umma mna njia zenu, anzeni kwa afisa utumishi. Waajiri nanyi, ubaguzi kwa sababu ya ulemavu umekatazwa kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo.

Dawa nitagusa kidogo, daktari wako ndo msemaji. Lithiamu imetumika kwa bipola tangu 1949, daktari wa Australia, John Cade, ndo aliyeanza, na haimfanyi mtu zezeta kikiwa kiwango sahihi. Kiwango kinajulikana kwa damu inayochukuliwa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo usimeze asubuhi ndo uje kupima, na figo na tezi ya shingo navyo vinaangaliwa. Ukiwa unaitumia usijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa, na ukiharisha, ukitapika, ukitetemeka sana au ukayumba, njoo hospitali siku hiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani aongee na daktari mapema, sio siku ya mwezi kuandama. Kina dada mnaotumia valproeti, dawa nyingine ya bipola, mkipanga au mkihisi ujauzito njooni haraka kwa sababu ina madhara kwa mtoto tumboni, ila msiache ghafla wenyewe.

Na aliyeshuka akisema bora nisingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Msimwache peke yake, dawa zake atunze mtu mwingine, na mleteni siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, dirisha la dharura liko wazi.

Kliniki yetu ni kila Jumanne na Alhamisi, njooni na kadi, njooni na ndugu mmoja mnayemwamini, mmoja tu. Fundi huwa anakuja Alhamisi. Wiki iliyopita alikuwa na uzi mweupe umeng'ang'ania kwenye mkono wa shati, hakuutoa. Kwenye kaunta buku yamebaki majina manne hayajakatwa. Mmoja wao alishahama mji, na bado anamuulizia kwa majirani ampelekee hela yake.