Kunyamaza si kukubali

Wengi mjini wanaamini aliyenyamaza amekubali. Mfanyabiashara wa Kariakoo anamtumia mwenzake ujumbe: "Madumu 20 ya mafuta, bei ileile ya juzi. Usiponijibu hadi saa kumi, najua umechukua." Saa kumi kimya, anapakia mzigo kwenye guta.

Hapo amejidanganya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka kukubali kuonekane, kwa neno au kwa kitendo. Uingereza waliliamua hili mwaka 1862, kesi ya Felthouse na Bindley: mtu alimwandikia mtoto wa ndugu yake kwamba asiposikia lolote, farasi ni wake, kwa pauni 30 na shilingi 15. Mahakama ikakataa, ingawa kijana mwenyewe alikuwa radhi kuuza! Ila mwenye duka akishusha madumu na kuanza kuyauza, huo si ukimya tena.

Isitoshe, wajuzi wa kununua hunyamaza makusudi. Unatajiwa 40,000 kwa shuka, unaligeuzageuza, huongei. Muuzaji mwenyewe anaanza: "Haya dada, una ngapi?" Angeamini kimya ni kukubali, angeshalitia kwenye mfuko.