"Kilichobaki ni kuandika tu"

Wiki hii nimeisikia tena: "Mwalimu, kozi nimemaliza, kilichobaki ni kuandika tu." Kijana anasoma uzamili wa uhandisi ujenzi, maksi zake za darasani ni nzuri sana, na hajamwaga zege hata ndoo moja. Anataka kuwasilisha tasnifu baada ya miezi miwili.

Haiwezekani. Kuandika ndiyo sehemu fupi kuliko zote.

Mihadhara mtaiweza, desa zipo, mtakesha, mtafaulu. Zege halikeshewi. Chukua mada ambayo haikosi mtu kila mwaka: kupunguza saruji na kuweka majivu ya pumba za mpunga, asilimia 0, 5, 10, 15 na 20. Hiyo ni michanganyiko mitano. Kila mmoja uvunjwe kwa mashine kupima nguvu, siku ya 7, ya 28 na ya 90 tangu kumwagwa, kyubu (vipande vya zege vya umbo la mchemraba) tatu kila mara: jumla 45. Kyubu ya milimita 150 ina kilo 8 hivi, kwa hiyo utatumbukiza karibu kilo 360 kwenye tangi la maji ili zikomae, kisha utazitoa.

Kwa nini 90? Hapa ndipo ninapogombana na wengi. Majivu yanafanya kazi polepole: yanasubiri chokaa inayozalishwa saruji inapokutana na maji, ndipo yashikamane nayo. Anayeishia siku ya 28 anaweza kuandika kwamba asilimia 15 imefeli, kumbe zege lile lilikuwa bado linapanda nguvu. Amelihukumu kabla halijamaliza kukua, kwa sababu tu alichelewa kuanza.

Halafu kuna mchanga. Tuseme mita moja ya ujazo inachukua mchanga kilo 700, saruji kilo 360 na maji lita 180. Uwiano wa maji kwa saruji ni 0.5. Mvua ikinyesha usiku, mchanga ukabeba unyevu wa asilimia 4, hizo ni lita 28 ambazo hukuzihesabu. Uwiano umeshafika karibu 0.58. Zege litatoka dhaifu, na lawama yote itaangukia majivu. Pimeni unyevu kila asubuhi ya kumwaga, jamani!

Kuna jambo linalonisumbua mwenyewe. Kyubu tatu za ndoo moja zinaweza kutoa nguvu ya megapaskali 24, 27 na 31. Tunachukua wastani, tunachora mstari, tunaendelea. Sina uhakika kwamba tatu zinatosha kutenganisha asilimia 10 na 15. Tunabaki na tatu kwa sababu mara nyingi saruji anainunua mwanafunzi mwenyewe.

 

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hata ratiba ya vipindi haijatulia, nenda maabara ukamwone fundi sanifu. Muulize moldi ziko ngapi, mashine ya kuvunjia ilihakikiwa lini, foleni ikoje. Kisha panga kumwaga Jumanne. Siku ya 7 na ya 28 zitaangukia Jumanne, na ya 90 Jumatatu. Ukimwaga Jumatatu, siku ya 90 ni Jumapili, na maabara imefungwa.